Zizi la Mwandoya kwenye Intaneti Yetu

Mpangaji wetu alifika na godoro, ndoo, pasi ya mkaa na kompyuta aliyoipakata njia nzima juu ya bodaboda. Vitu vingine aliwaachia watu wamsaidie kushusha. Kompyuta hakumpa mtu. Alikuwa kijana wa Mwandoya, mpimaji wa ardhi, amehamishiwa ofisi za mkoa hapa Bariadi, na mtu wa kanisani kwetu ndiye aliyemwelekeza kwamba tuna chumba cha uani chenye mlango wake.

Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Asubuhi akitoka husimama pembeni ya kizingiti na kunisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," kisha anamgeukia mume wangu na kumwita baba. Alifagia uwanja bila kuombwa. Maji alitumia kwa kiasi, umeme kwa kiasi, na redio hakuwa nayo. Nikamwambia mume wangu kuwa tumepata mtu asiye na makelele, naye akakubali, ingawa mume wangu hukubali mambo mengi akiwa anatafuta miwani.

Watoto wetu walikwishahama, nyumba imebaki ya wazee wawili. Mume wangu alikuwa bwana shamba, ametembea vijiji vingi vya Simiyu akiwaambia watu wapande pamba kwa mistari. Mimi nilifundisha Kiswahili sekondari, na nilipostaafu niliona siwezi kukaa tu nikitazama kuku. Rafiki mmoja akaniunganisha na wageni wa nchi za mbali wanaotaka kujifunza lugha yetu kwa njia ya video. Ndiyo sababu tuliingiza intaneti nyumbani. Kisanduku chake tulikiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, karibu na dirisha. Kijana alipohamia nilimpa nywila ya intaneti pamoja na funguo, kama mtu anavyoonyeshwa bomba la maji liko wapi. Sikuwaza kwamba hilo nalo ni jambo la kuwekeana masharti.

Haikuchukua muda mrefu wanafunzi wangu wakaanza kuganda. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja hasa, mwanamke wa makamo anayeishi nchi ya baridi, muuguzi, mtu wa bidii sana. Namfundisha ngeli, anafungua mdomo kusema "miti mirefu", anabaki hivyohivyo mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akirudi, mimi ndiye nimeganda. Siku nyingine tulisikilizana sauti tu kama watu walioko pande mbili za ukuta.

Nilianza kwa kuilaumu kampuni ya mtandao. Niliwapigia, wakaniambia nizime kisanduku, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nikafanya. Wakaniambia nikisogeze mbali na kabati, nikakisogeza. Hatimaye dada mmoja wa huduma kwa wateja, mwenye subira, akaniambia kwa upole kwamba laini yetu haina tatizo lolote, ila imetumika sana mwezi ule, na ikishatumika kupita kiwango fulani kasi hushushwa. Akauliza nyumbani tuko wangapi. Nikamjibu watatu. Akaniuliza kama kuna mtu ana banda la kuonyesha sinema.

Nilimuuliza mume wangu. Akasema yeye anatazama mpira tu, tena mwishoni mwa wiki. Kijana sikumshuku, maana saa zile mambo yalipokuwa mabaya zaidi alikuwa ofisini. Chumba chake kilikuwa kimefungwa, kimya.

Basi asubuhi moja, intaneti ikiwa inakokota miguu, nikaenda kabatini nikachomoa waya wa kisanduku. Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilitaka tu kipumzike. Nikaenda jikoni kuweka maji ya chai. Maji hayajashika moto, simu yangu ikaita. Alikuwa mpangaji.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Umeme umekatika hapo nyumbani?"

Nikamjibu umeme upo.

"Basi itakuwa intaneti," akasema. Nadhani hapo tulielewa kwa pamoja. Yeye alikuwa ofisini, upande wa pili wa mji. Mtu aliye ofisini hawezi kujua kwamba waya umechomolewa kabatini kwangu, labda awe na kitu kinachokula humu ndani wakati yeye hayupo.

Jioni alikuja mwenyewe sebuleni kabla sijamwita, akiwa ameishika ile kompyuta. Akaiweka mezani, akaifungua, akaigeuza ili mimi na mume wangu tuone. Nilitegemea sinema, au hayo mambo ya vijana ya kubashiri mipira. Tukaona zizi.

Lilikuwa zizi la ng'ombe, limezungushiwa miti na matawi ya miiba, na ng'ombe wakiingia mmoja mmoja huku vumbi likiwafuata. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba uliona nzi machoni mwa ndama. Pembeni kulikuwa na picha ya pili, ya lango la zizi, na ya tatu, ya uwanja mbele ya nyumba ya bati. Kijana akaeleza kwamba hapo ni kwa baba yake, Mwandoya. Likizo iliyopita alikuwa amefunga kamera tatu, kila moja ina laini yake ya simu na kipande chake cha sola, baada ya wezi kuchukua ng'ombe wa jirani. Zote tatu zilileta picha kwenye kompyuta yake chumbani, mchana na usiku, kompyuta inazihifadhi, naye akiwa kazini anachungulia kupitia simu. Hakujua kama zinakula intaneti kiasi hicho. Alisema hivyo akitazama chini, na nikaamini nusu.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali kidogo, ya kimwalimu. Ila mume wangu alikwisha kusogeza kiti. Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe, na ukimwonyesha ng'ombe hata kwenye kalenda atakuambia anatoka upande gani. Akauliza yule mwenye baka begani amezaa mara ngapi. Kijana akajibu. Wakahamia Kisukuma, wakataja rangi za ng'ombe, na rangi za ng'ombe kwa Kisukuma zina majina mengi, kila baka na jina lake. Nilikwenda kusonga ugali nikarudi wakiwa bado wanabishana kama yule dume ana nundu ya kutosha.

Tukala, kisha nikarudi kwenye jambo langu. Nikamwambia kijana kwamba sina ugomvi na ng'ombe, ila kuna kitu sikielewi. Mchana ng'ombe wako machungani na zizi ni tupu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: kwenye picha za mchana za zizi alizotuonyesha hakuna kitu zaidi ya kuku na kivuli cha miti. Sasa kwa nini kamera zote tatu zishinde zinakula intaneti kuangalia kuku?

Kijana akafuta skrini kwa kidole, mahali ambapo haikuwa chafu.

"Mchana mzee anabaki peke yake," akasema.

Akaeleza polepole. Mama yake alifariki miaka iliyopita. Mke wa kaka yake ndiye anayemtunza mzee, lakini mchana huenda shambani au mnadani, na kaka yuko na mifugo. Mwaka jana mzee aliteleza akaanguka karibu na kisima na hakumwambia mtu. Waligundua kwa sababu alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Ukimuuliza kwa simu, anasema yuko salama, kisha anakata. Kwa hiyo mchana, kati ya kazi na kazi, kijana alikuwa anatazama uwanja ule kumwona mzee anatoka, anaingia, anakaa kwenye kigoda, anainuka. Akishainuka, roho inatulia.

Baada ya hapo ukali wangu haukuwa na mahali pa kukaa. Lakini mwanafunzi wangu naye alikuwa na mtihani wa lugha, na siwezi kumfundisha mtu aliyeganda. Tukakubaliana. Mchana ibaki kamera moja tu, ya uwanjani, tena kwa picha hafifu, ya kutosha kumjua mtu, hata kama nzi hawaonekani. Usiku zote tatu, maana usiku hatuna tunachofanya na intaneti. Na saa zangu za vipindi, kompyuta izimwe kabisa. Kijana akashukuru, "Wabeja sana, mayo," na siku hiyohiyo akaingia kwenye mipangilio ya kisanduku, akagawa kasi. Akaniambia kwamba sasa mimi nina barabara ya lami na wao wana njia ya ng'ombe. Tukaizoea lugha hiyo humo ndani.

Mambo yakanyooka kwa kitambo. Kisha mwanafunzi wangu akaanza tena kuganda, katikati ya kipindi, kijana akiwa kazini na kompyuta imezimwa. Nilikwenda kuhakikisha mwenyewe dirishani kwake. Nikatoka nje nikiwa nimejiandaa kumpigia simu nimgombeze. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la jiko la nje, nikamkuta mume wangu ameegemea ukuta, simu mkononi, miwani puani. Kijana alikuwa amemwekea zizi kwenye simu yake, moja kwa moja kutoka kwenye kamera bila kupitia kompyuta, ili asichoke kusubiri jioni. Hakushtuka wala hakuficha. Aliniambia tu, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, kwamba yule ndama mdogo anaharisha na hakuna mtu amemwona.

Tukaongeza sharti la pili, la mume wangu peke yake: wakati wa kipindi, naye atumie njia ya ng'ombe, picha hafifu, kamera moja. Alilalamika kwamba kwa picha ile hawezi kutofautisha mbuzi na kigoda, lakini alilikubali.

Ilikuwa hivyo mpaka asubuhi moja ya kiangazi. Kijana alikuwa amekwenda kupima mashamba huko vijijini, mahali ambapo simu haishiki, na alikuwa amemwomba mume wangu amtupie macho mzee. Mimi nilikuwa sebuleni na yule muuguzi, tunasoma habari ya hospitali niliyoitunga mwenyewe. Mume wangu akaingia na kusimama nyuma yangu, amevaa fulana ya ndani, akionekana vizuri kabisa huko nchi ya baridi. Hana tabia ya kuingia nikifundisha. Akanisogezea simu.

Kwenye ile picha hafifu niliona uwanja, na karibu na ukuta wa nyumba kitu cheusi chini. Mume wangu akasema mzee alikuwa anavuta gogo, akateleza, na tangu wakati huo hajainuka. Anasogea, lakini hainuki.

Zile kamera zina spika ndogo; kijana alituambia lakini hakuna aliyewahi kuzitumia. Mume wangu akabonyeza, akaongea Kisukuma, akamsalimu kwa heshima zote. Tukaona kichwa kinageuka huku na huku. Sauti ya mzee ikarudi ikikatikakatika, ikiuliza ni nani. Mume wangu akajieleza kuwa ni mwenye nyumba anakokaa mwanae. Kilichofuata hatukukisikia. Picha ikasimama, sauti ikawa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Nipe barabara, mama," mume wangu akasema.

Nikamgeukia mwanafunzi wangu. Nikamwambia kwa Kiswahili chepesi: mzee ameanguka, tunahitaji intaneti. Akaitikia kwa kichwa na kukata yeye mwenyewe, kabla sijafika kwenye kitufe. Nikaondoa ule mgawanyo kama kijana alivyonifundisha, picha ikafunguka, na tukamwona mzee sawasawa. Alikuwa amekaa chini, mguu mmoja umekunjika vibaya chini yake, kofia imedondoka, jua linampiga usoni.

"Uko wapi?" mzee alikuwa anauliza.

"Niko Bariadi."

"Mbona sauti iko ukutani?"

"Naongea kupitia kamera."

Mzee akatazama juu, moja kwa moja machoni mwetu. "Mwanangu alisema hiki ni cha kuangalia ng'ombe."

Mume wangu akasogeza mdomo karibu na simu. "Na wewe upo jirani na ng'ombe," akasema.

Hapo wakaanza kuzungumza. Mzee alisema mguu hauitiki. Mkwe wake amekwenda mnadani. Maji yako ndani. Mume wangu akamwambia asijaribu kusimama, na mzee, kwa kuwa ni mzee, akajaribu, akaguna, akakaa tena. Basi mume wangu akabadili njia, akamuuliza habari za yule dume mwenye nundu, kama ni wa uzao wa huku au ametoka ng'ambo ya mto. Mzee akasahau kusimama.

Mimi nilikuwa kwenye simu nyingine. Nilipiga ofisini kwa kijana. Katibu muhtasi aliyepokea hakuniuliza maswali mengi. Alinitafutia mfanyakazi mwenzao aliyetoka Mwandoya, na huyo akanipa namba ya binamu wa kijana anayeendesha bodaboda pale senta. Binamu akajibu huku upepo unavuma kwenye simu, yuko na abiria. Nikamweleza. Abiria, nilikuja kuambiwa baadaye, alikataa kushushwa njiani, akasema naye anakwenda huko kusaidia.

Tulisikia pikipiki kabla ya kuiona. Kisha vumbi, kisha vijana wawili wakiruka chini. Mmoja akaingia ndani kutafuta maji, mwingine akapiga magoti. Mume wangu akawaelekeza jinsi ya kumnyanyua, na yule abiria, asiyejua lolote kuhusu kamera, akageuka kutafuta anayeongea, akajibu "ndiyo baba" akiutazama ukuta. Nilicheka.

Mguu ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Walimpeleka zahanati, na kesho yake gari likamleta Bariadi hospitali, akafungwa plasta. Kijana alikutana na baba yake wodini akiwa bado ana vumbi la shambani kwenye viatu. Daktari alitaka mzee awe karibu na hospitali mpaka mfupa ushike, kwa hiyo alihamia uani kwetu, kwenye chumba cha mwanae, kitanda akapewa yeye na kijana akalala chini.

Mwanafunzi wangu aliniandikia siku ileile kuuliza mzee anaendeleaje. Kipindi kilichofuata alikuwa amejifunza peke yake maneno kifundo, plasta na gogo, na akaomba kumsalimu mume wangu. Mume wangu safari hii alivaa shati.

Kuhusu intaneti, nilidhani sasa tutapumua, maana anayetazamwa yuko hapa. Nilikosea. Mzee alipoonyeshwa kwamba boma lake lote linaonekana kwenye kompyuta, hakutaka kuondoka hapo. Aliketi kitandani, mguu juu ya mto, akiangalia Mwandoya kuanzia ng'ombe wanapotoka mpaka wanaporudi, kamera zote tatu, picha safi. Akajifunza kubonyeza kitufe cha kuongea. Ukiwa jikoni unamsikia akiamuru lango lifungwe, mbuzi watolewe kwenye mahindi, ndama atenganishwe na mama yake. Kaka mtu alipiga simu kulalamika kwamba mzee yuko mbali lakini hajawahi kuwa karibu hivi. Mimi nikahamisha vipindi vyangu vyote kwenda saa ambazo mzee analala baada ya chakula cha mchana. Ungefanyaje?

Kisha alasiri moja nikampelekea chai. Kijana alikuwa amewahi kurudi, yuko naye. Kwenye skrini, yule mkwe alikuwa uwanjani peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mzee, amenyoosha miguu, khanga imelegea, anajikuna mgongo kwa gunzi la hindi na kuimba kwa sauti mbovu, mtu aliyepumzika na mwenye furaha yake. Ghafla akaikumbuka kamera. Akafunga khanga upesi, akainama, akaingia ndani.

Mzee alitoa mkono kwenye kitufe. Hakunywa chai. Alimuuliza mwanae, bila kumtazama, kama na yeye alikuwa anaonekana hivyo.

"Ndiyo, baba," kijana akajibu.

"Siku zote?"

"Siku nyingi."

Mzee aliendelea kutazama uwanja mtupu. Nilitaka kutoka lakini nilikuwa nimeshika sinia, na mlango ulikuwa upande wake. Ndipo akasema, kwa Kisukuma, bila ukali wowote: "Ukitaka kujua hali yangu, niulize."

"Nikikuuliza unasema uko salama, halafu unakata."

"Nitaacha kukata," mzee akasema. Akachukua kikombe.

Aliporudi kwao, plasta imetolewa na fimbo mkononi, kijana alimsindikiza, na kazi ya kwanza ilikuwa kuing'oa ile kamera ya uwanjani. Zilibaki za zizi na lango, na zinawaka usiku tu, kwa ajili ya wezi. Mume wangu alinung'unika wiki nzima. Vipindi vyangu vilirudi saa zake za zamani, na wanafunzi wangu sasa wanasema miti mirefu mpaka mwisho wa sentensi bila kuganda. Yule muuguzi alifaulu mtihani.

Kijana bado ni mpangaji wetu. Kila jioni, akishaoga, anakaa kwenye ngazi ya mlango wake, ambako mtandao wa simu unashika vizuri, anampigia mzee. Mwanzoni yalikuwa mazungumzo mafupi, ya mvua na afya. Siku hizi yanakwenda mbali. Juzi walibishana kama dume fulani ahasiwe au aachwe, na kijana alibisha mpaka uji wake ukaganda juu, nikamchukulia kikombe nikaenda kuupasha moto.